Nyumba Niliyoikosa kwa Kuitika

Shemeji yangu Bakari alipofariki watu walitegemea nilie, nami sikulia. Nilipanda ndege Dar es Salaam nikashukia Mahajanga, katika nchi ya Wamalagasi, nikapelekwa Amborovy, si mbali na uwanja, kwenye nyumba aliyoijenga baada ya kiwanda cha sukari cha Dzamandzar kufungwa na yeye kuhama kisiwa cha Nosy Be pamoja na mke wake, mdogo wangu Mariama. Nikaketi na wanawake kwenye mkeka, nikapokea pole ambazo hazikuwa zangu. Kila aliyeingia alimkumbatia Mariama, akalia naye, kisha akanitazama mimi kwa jicho la kuuliza: na huyu bibi ni nani? Nilitamani kumjibu kila mmoja kwamba marehemu alikuwa anioe mimi, kwamba nyumba ya ndoa ilikuwa imeshaezekwa, na kwamba niliikosa kwa neno moja lililonitoka mdomoni mchana kweupe. Lakini msibani mtu haanzi hadithi za namna hiyo. Nikanywa chai yao.

Aliyekuja kunichokoza ni Nuru, binti wa mwisho wa Mariama, anayemaliza masomo ya udaktari hapo hapo Mahajanga. Wageni walipopungua alinivuta chumbani kwake, akaniketisha mbele ya kompyuta, akanivisha hedifoni. “Mama mkubwa, herufi zitapita moja moja. Ukiona A, halafu X ikafuata, bonyeza. Nyingine zote ziache.” Jambo la kitoto kabisa. Ndani ya hedifoni kulikuwa na sauti za watu wanaoongea ovyo, nami niliambiwa nisizijali. Sikuweza. Nilizisikiliza zote, na nje ya hizo nikasikia mfuniko wa sufuria jikoni, mtu anakohoa uani, ndege inageuka uwanjani, na X zangu zikapita hivi hivi. Nuru hakuonyesha kushangaa. Akanivua hedifoni akaanza maswali. Je, watu wakicheka barabarani, huwa unahisi wanakucheka wewe? Je, kuna vitu vidogo ambavyo kwako huwa kama vimebeba ujumbe? Halafu, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kama chai imekolea sukari: “Je, umewahi kusikia ukiitwa jina, ukageuka, hakuna mtu?”

“Nani kakuambia uniulize hilo?” nikamwambia.

“Hakuna, mama mkubwa. Tunawauliza wote. Utafiti wetu wa chuo ni wa watu wazima, wenye afya zao.”

Akanieleza, na alieleza vizuri, bila kujikweza. Kwamba mambo ambayo kwa mgonjwa wa akili hukua mpaka yakamvunja, kwa watu wa kawaida yapo pia, madogo, kwa viwango, kama urefu: kuna wafupi, kuna warefu, na mrefu hapelekwi hospitali kwa urefu wake. Kwamba sehemu yake hurithiwa, si kwa kitu kimoja bali kwa vipande vingi vidogo ambavyo kila kimoja peke yake ni kama si kitu, na maisha nayo yana mkono wake. Kwamba baadhi ya wenye mambo hayo wana usikivu kama wangu, usiochagua cha kuingiza na cha kuacha nje. “Mimi mwenyewe ninayo,” akasema akicheka. “Nilijipima wa kwanza. Nasikia naitwa, hasa nikichoka. Na yeyote atakayeniuliza nitamwambia, sioni aibu.” Mama yake alikuwa anapita ukumbini. “Nuru, funga mlango unaposema mambo hayo,” akasema Mariama. “Watu wa kina Yusufu wanakuja kutoa pole leo.” Yusufu ndiye kijana aliyemposa Nuru; mahari ilikuwa bado haijatajwa. Nuru akainua mabega. Nami nikamtazama mtoto yule, mzuri, mwenye macho ya babake, nikaona wivu. Ndiyo, wivu; nimeshazeeka, sina haja ya kupamba. Analisema kwa kicheko lile ambalo mimi lilinitoa nchini.

Wanaoandika maisha yao huanza na ukoo: babu alitoka wapi, bibi alikuwa binti wa nani. Sitaanza huko. Ukoo ndio fimbo niliyopigwa nayo, na sitaki kuishika tena mkononi. Itoshe kusema kwamba mwaka 1979 tulikuwa Andoany, mji wa Nosy Be, katika ua mmoja wenye nyumba mbili. Kwamba tulikuwa tumekimbia Mahajanga baada ya siku zile Wakomoro walipouawa mitaani na nyumba zao kuchomwa moto. Na kwamba wenzetu wengi waliporudishwa Komoro, Mama alituleta mimi na Mariama Nosy Be kwa ndugu zake. Nyumbani tulisema Kikomoro, mtaani Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata Dar. Kwa Mama kilikuwa maneno machache ya dini na ya biashara. Kwa hiyo wote wanaosema humu nimewatafsiri mimi, na wangejisoma wangelalamika.

Kwetu nyumba ni ya binti. Mwanamume huoa akahamia kwa mkewe, na binti wa kwanza ndiye mwenye haki ya kujengewa. Mama alianza kunijengea hata kabla hatujauzoea mji ule. Vyumba viwili, mabati mekundu, mlango wa rangi ya bluu, dirisha linalotazama kibaraza cha nyumba ya zamani. Ndani mlikuwa na kitanda, kabati lenye kioo, na mapazia niliyoyashona mwenyewe kwa vitambaa vyenye maua makubwa ya manjano. Hapakuwa na aliyelala humo bado. Mchana nilikuwa naingia nafagia sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga, nafungua kabati, nalifunga, najitazama kiooni kama mwenye mali. Leo nikiona msichana yeyote anapanga vyombo vyake vya ndoa kabla ya ndoa, najizuia nisimwambie neno.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani alikaa mama mdogo Salima, mdogo wake Mama. Mahajanga alikuwa mshonaji wa kofia, zile za vitundu vidogo zinazochukua miezi. Mumewe aliuawa mlangoni kwao katika siku zile, yeye akiwa amesimama nyuma ya mlango. Tangu hapo akawa anasikia watu. Aliwajibu, aligombana nao, na kutwa nzima aliita majina: la mumewe, la mtoto wake aliyekufa mchanga zamani, la Mama, na langu. Mkono wake hata hivyo haukukosea tundu hata moja. Majirani Wamalagasi walisema ana tromba, roho ya mfalme wa kale imempanda, na walilisema kwa heshima. Mmoja alikuwa akimletea asali. Wakomoro wenzetu walisema ni damu. “Liko kwao hilo,” walinong'ona. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba huyu mwanamke alimsikia mumewe akikatwa. Wote walikuwa wameona ya kwao na wao hawakurukwa na akili, basi kosa likawa la damu yake.

Bakari alikuwa fundi wa mitambo kiwandani Dzamandzar. Alikuja kila Ijumaa baada ya sala, amekoga, amevaa kanzu safi, na bado ananukia molasi, kwa sababu harufu ile haitoki. Alikaa kibarazani na Mama, nami nikapita na sinia. Mchezo wetu ulikuwa mmoja. Gari likisikika mbali, ananiuliza, “Zainaba, la nani hilo?” Nami namwambia: la mzungu mwenye shamba la maua, la daktari, lori la kiwanda lenye breki mbovu. Sikukosea. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilidhani watu wote wako hivyo na kwamba wao ni wavivu tu wa kusikiliza. “Huyu mke,” Bakari alimwambia Mama, “nikichelewa kurudi atajua nimesimama kwa nani.” Mama alicheka mpaka akajifunika mdomo. Nilimpenda mwanamume yule. Nilimpenda kwa jinsi alivyofanya kasoro yangu ikawa mchezo wa watu wawili.

Kabla ya tarehe ya harusi kupangwa, mama yake Bakari alikuja kukaa kwetu. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kwao: mwanao anakwenda kulala nyumba ya watu, basi tangulia wewe ukaonje chakula chao, uone maji yao na tabia zao. Bibi Kulthumu alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki Mahajanga, na alishuka bandarini amepaka masonjoany usoni, ule unga wa mti wa rangi ya manjano, akiwa na kapu la kamba waliokaushwa na macho yasiyopepesa. Tulimpikia kila tulichokuwa nacho. Mafuta mwaka ule yalikuwa ya kupanga foleni, lakini alikula mataba, yale majani ya muhogo tunayoyapika kwa tui zito, akala mkate wa sinia, akala samaki na achari ya maembe, na akashushia kwa maji ya ukoko kama Wamalagasi wafanyavyo. Alisifu. Alinisifu hata mimi, kwamba nina mkono. Mariama alimwagia maji ya kunawa, kimya, macho chini, na yeye pia alisifiwa.

Wazee wetu walitufundisha mambo mawili yasiyokaa pamoja. La kwanza, binti aliyelelewa huitika mwito wa kwanza. Anayengoja kuitwa mara ya pili hana adabu. La pili, usiitike sauti ambayo mwenyewe humwoni, maana huenda si mtu, na ukishaitika umeifungulia. Mimi nililishika la kwanza. Katika ua ule ambamo mama mdogo Salima aliniita kutwa, ningefanya nini? Kuitika kulikuwa kazi yangu.

Ilikuwa mchana, tunakula. Bibi Kulthumu alikuwa anasimulia safari ya Maka ya marehemu kaka yake, habari ndefu yenye mizigo kupotea na kupatikana. Nilikuwa nasikiliza, lakini pia nilikuwa nasikia jirani anamgombeza mbuzi, redio ya duka la Mhindi, matone ya bomba. Katikati ya hayo nikasikia, wazi kabisa, kutoka uani: “Zainaba!” Nikasema, “Labeka!” na nikasimama, upawa wa mataba mkononi.

Bibi Kulthumu akaniangalia. “Nani kakuita?”

“Mama mdogo.”

“Mama yako mdogo amelala,” akasema polepole. “Tunamsikia sote anakoroma.”

Na kweli alikuwa anakoroma. Sauti ile ilikuwepo muda wote, nami peke yangu, mwenye masikio ya kusikia breki za lori, sikuisikia. Nikasema labda ni jirani. Nikakaa. Mama akamwongezea mgeni samaki, akauliza mizigo ilipatikana wapi, lakini Bibi Kulthumu alikuwa ameshaisahau mizigo. Hadi leo sijui nilisikia nini. Huenda ni masikio yaliyochoka kuitwa, yakaanza kujiita yenyewe. Nuru ananiambia mwanadamu anayetegemea kuitwa husikia akiitwa, hata asiye na chochote. Ningependa sana Nuru angezaliwa mapema.

Siku iliyofuata nilikuwa nafagia katika nyumba yangu, dirisha wazi, nao wamekaa kibarazani. Hawakujua nimo. Bibi Kulthumu alizungumza bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha.

“Mama Zainaba, mimi sina ugomvi nawe. Mtoto ni mzuri. Lakini kile kilichoko chumba cha nyuma kimo ndani yake pia, nimekiona kwa macho yangu. Mwanangu akizaa humo, wajukuu zangu watakuwa watu gani?”

Nikamsikia Mama anasema, “Si damu. Ni maziwa.”

“Maziwa?”

“Nilipomzaa Zainaba niliumwa sana, kifua kikakauka. Salima ndiye aliyemnyonyesha. Alicho nacho amekinyonya kwake. Mariama nilimnyonyesha mwenyewe mpaka akaacha. Mariama ni safi.”

Kwetu maziwa si mchezo. Aliyenyonya kwa mwanamke ni mtoto wake mbele ya dini, na hawezi kuoana na watoto wa mwanamke huyo. Kama maziwa yana nguvu ya kumfanya mtu kuwa ndugu yako, yatashindwaje kukupa maradhi? Bibi Kulthumu aliielewa hoja ile mara moja. Ilikuwa na heshima, ilikuwa na harufu ya dini, na ilimwachia mwanawe nyumba ya mabati mekundu pamoja na msichana wa kuweka ndani yake. “Basi kumbe,” akasema, na nikasikia jinsi pumzi ilivyomshuka. “Kumbe ni hivyo.”

Ulikuwa uongo mtupu. Aliyenyonya kwa Salima ni Mariama. Mtoto wa Salima alikufa siku zile zile Mariama alipozaliwa, na Mama ndipo alipougua. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa nimeshajua kutembea na kuona wivu, na namkumbuka mama mdogo amekaa ukingoni mwa kitanda, analia, na Mariama kifuani kwake. Wala sikuwa peke yangu niliyejua. Kutoka chumba cha nyuma sauti ikaja, kavu, ya mtu aliyeamka kabisa: “Mimi nilimnyonyesha Mariama. Zainaba hakuwahi kushika titi langu. Unajua, dada. Waambie.”

“Maskini,” akasema Bibi Kulthumu. “Anaongea na watu wake.”

“Ndivyo anavyokuwa,” akajibu Mama.

Jioni nilimkuta Mama jikoni anachambua mchele. Nikamwambia umesema uongo. Hakuinua uso, aliendelea kutupa vijiwe. “Nina mabinti wawili na nyumba moja,” akasema. “Wewe umeshaitika mbele yake. Hilo siwezi kulirudisha mdomoni mwako. Ningesema ni damu, angewakataa nyote wawili, na habari ingefika Mahajanga kabla yake. Hakuna ambaye angewaposa. Sasa mmoja ameokoka.”

“Na mimi?”

“Wewe una akili,” Mama akasema. “Utasoma.”

Nimeishi na maneno yale miaka yote hii, na bado sijapata pa kuyaweka. Siwezi kusema alinichukia. Aliwapima wanawe wawili kama mtu anayetoka nyumba inayoungua, akamshika aliyekuwa karibu na mlango. Lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani, na nilimwona akichagua.

Bakari nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, njiani kuelekea sokoni. Alisimama, akazungusha kofia yake mikononi. “Mama amesema,” akaanza. Nikamwuliza wewe unasemaje. Akanitazama kwa masikitiko ya kweli kabisa, masikitiko ya mtu ambaye hatafanya lolote, akasema, “Zainaba, mama ni mmoja tu.” Nikacheka. Sikuwa na jambo jingine la kufanya na uso wangu. Baada ya mfungo walioana, na kwa kuwa ni mimi mwenye mkono, nilipika pilau ya harusi ya mdogo wangu. Aliingia katika nyumba ile chini ya mapazia yangu ya manjano. Mariama aliniangalia mara moja siku ile, akiwa amepambwa, na akaangalia pembeni.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nilivyo, na ndiyo ninayoichukia zaidi. Dirisha lao lilikuwa mkabala na kibaraza chetu. Masikio yasiyochagua hayachagui hata hapo: nilisikia vicheko vyao, vijiko vyao, Bakari akimwuliza Mariama gari lile ni la nani, na Mariama akimjibu kwamba atajuaje. Nikaanza kujichunga. Kila nikisikia jina langu, nauma mdomo. Nangoja liitwe tena. Nikifika hapo naangalia ni nani, naangalia mdomo wake kama unacheza. Ikafika mahali Mama ananiita kwa sauti, yuko mbele yangu, nami nimekaa namtazama tu mpaka anivute mkono. Watu walioingia kwetu wakaanza kusema huyu naye, mwangalieni, kama mama yake mdogo. Na kweli, hapo ndipo nilipofanana naye. Walikuwa wamenipa jina, na mimi, kwa kujikaza nisiwe nalo, nikawa nalo. Nililala chumba cha nyuma na Salima, nikajifunza kutoboa kofia, na alipoita nilimwitikia, yeye peke yake, maana kwake hakukuwa na la kupoteza. Kabla mwaka kwisha, binamu wa Mama aliyekuwa Dar alikubali kunipokea. Nilisoma, kama Mama alivyosema. Nilifundisha Kifaransa kwa watoto wa watu. Sikuolewa. Walioniposa walikuwepo, lakini kila walipofika kwenye kuuliza habari za kwetu, nilikuwa naondoka mimi kabla hawajaondoka wao.

Hayo yote niliyakumbuka Amborovy, nimekaa jikoni na Mariama, ambaye yumo edani na hatoki. Nuru alikuwa ameshampima na yeye pia. Nilikuwa nimemsikia kupitia ukuta akijibu maswali: hapana, hapana, hapana. Sasa alikuwa anakata mkate wa sinia kwa ajili ya wageni, na bila kunitazama akasema, “Nimemdanganya Nuru.”

“Kwa lipi?”

“La kuitwa.” Akaweka kisu. “Dada, mimi husikia. Tangu mtoto. Siku za Bibi Kulthumu nilisikia, hata kabla yako. Nilikuwa namwagia maji mikononi. Nikasikia ‘Mariama’, karibu kabisa, hapa sikioni. Nikaendelea kumwaga.”

Nilitamani kumrushia lile sinia. Miaka yote! Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo si ya msibani. Nikamwambia ungesema, ungesema hata kwangu, hata mara moja, usiku mmoja tu katika miezi ile niliyokuwa natetemeka peke yangu chumba cha nyuma nikidhani naoza akili. Akalia. Mariama analia vizuri, amelia hivyo maisha yake yote na watu wakamwonea huruma. “Ningesema,” akasema, “nyumba angepewa nani?” Ningekuwa na faraja ya kuwa na mwenzangu, na sote wawili tungekuwa bure. Nilichukia kwamba ana haki. Kisha akanishika mkono kwa vidole vyenye mafuta ya mkate. “Haya yabaki humu. Mama yake Yusufu yuko njiani. Nuru ana mdomo mwepesi, unamwona. Nakuomba, dada.”

Walikuja wanawake wachache, wakatoa pole, wakasoma fatiha. Mama yake Yusufu ni mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini; angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Nuru aliwaletea chai mwenyewe, akaketi karibu nami. Maongezi yakazunguka, bei, hija, joto, mpaka yule mama akanigeukia. “Bibi, nasikia ninyi ni watu wa Andoany. Samahani kwa kuuliza siku kama hii, lakini unajua tuna jambo letu la kheri. Wazee wetu wanasema kwenu kulikuwa na mgonjwa. Na kwamba tatizo hilo lilimfuata mmoja wenu.”

Mariama aliinamisha kichwa. Nilihisi Nuru anavuta pumzi pembeni yangu, pumzi ya mtu anayetaka kuanza somo: viwango, vipande vidogo, urefu. Nikamtangulia.

“Ni kweli,” nikasema. “Lilinifuata mimi. Ndiyo maana sikuolewa. Na mimi sikuzaa, kwa hiyo limeishia hapa.”

Lilinitoka kwa urahisi wa kutisha, kwa sauti ya Mama hasa, ile ya kibarazani, na nikajua kwamba kama kuna kitu nimekirithi bila shaka yoyote, ni hiki. Mama yake Yusufu akanishika goti kwa huruma. “Maskini,” akasema, na akachukua kipande cha mkate. Nikageuka kumtazama Nuru. Uso wake ulikuwa umepanda damu kwa hasira, kinywa kimefunguka, maneno yote yamo, ya kweli, ya kitabuni, niliyasubiri. Nilitaka ayaseme. Naapa nilitaka ayaseme, yavunje posa na yavunje kila kitu. Akamtazama mama yake. Akawatazama wale wageni mmoja mmoja. Kisha akafunga kinywa, akanyanyua chupa ya chai, akamwongezea mama yake Yusufu.